Kiondo Kilichofumuliwa Mkutanoni

Kyuso, Kitui
Jumapili baada ya kanisa, mwezi wa Oktoba

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe huko Sultan Hamud. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kaka Mutua akuletee, unaitumia, au umeifungia kabatini ikungoje uzeeke? Na duka je, bado wale madereva wanakunywa soda na kuondoka na chupa? Nimeota mara mbili niko hapo dukani napima sukari, nikaamka nikiwa na njaa ya muthokoi wako wa mahindi na maharagwe.

Barua iliyopita ulinikataza kuanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya. Ulisema, kwa mkono wa wifi, kwamba mimi huwa mzima hata nikiwa na malaria, mzima hata nikiwa nimefiwa, kwa hiyo neno lenyewe limekwisha ladha. Nilicheka, halafu nikaisoma tena. Basi leo silisemi. Nitakueleza yaliyonipata hapa, uamue mwenyewe.

Wifi Mghoi, najua ndiye unayesoma. Shikamoo yangu huipati, wewe ni mdogo wangu hata kama umeolewa na kaka. Naandika Kiswahili kwa ajili yako, maana ukisoma Kikamba kwa ulimi wako wa Kitaita Mwaitu anacheka mpaka habari inampita. Soma polepole. Mutua alinidokezea kwamba ukifika pale ambapo maandishi yamebanana, unasema, "Hapa anasalimia tu watu," unageuza karatasi. Leo ukigeuza nitajua!

Mwaitu, majirani wakikuuliza tena binti yako anafanya nini kule kwenye ukame, waambie hivi. Wakulima wa hapa wanalima ndengu. Zamani, siku ya kuvuna, kila mtu aliuza peke yake kwa mwenye lori yeyote aliyesimama barabarani, na mwenye lori alitaka debe lijazwe mpaka lifanye kichuguu juu. Sasa wana chama cha ushirika. Wanaleta magunia kwenye stoo moja, tunapima, tunangoja bei ipande, tunauza pamoja. Mimi ndiye karani. Mara moja kwa mwaka tunafanya mkutano mkuu, nawaeleza kilicholetwa, kilichouzwa na kilichoharibika, nao wanaikubali ripoti au wanaikataa.

Mwaka jana waliikataa.

Sikukuandikia habari hiyo. Niliandika mimi ni mzima. Lakini ilikuwa hivi: tulikuwa na ripoti nzuri sana, karatasi nne za saiklostaili, Kiingereza kitupu, na afisa wa ushirika alikuja kutoka Kitui na chati kubwa yenye nguzo za rangi. Ni kijana mpole, hana maringo, na alikuwa ameichora kwa mkono wake usiku na mchana. Akaisimamisha mbele ya watu, mimi nikawa natafsiri. Nguzo hii mwaka huu, nguzo ile mwaka ule. Watu wakatazama kama wanavyotazama mahubiri ya mgeni.

Kuna mzee anaitwa Muthui. Macho yake yaliharibika miaka mingi iliyopita, lakini shamba lake analilima na ndengu zake anazileta mwenyewe, mkono mmoja umeshika punda. Akainua fimbo. Mwenyekiti akampa nafasi.

"Hiyo picha ya mavuno yetu," akasema, "mimi niishike wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikaa ameinyoosha mikono hivi, anangoja kupewa. Kicheko kikakatika. Halafu fundi wa viatu wa hapa, aliyepooza miguu, akasema karatasi ya mwaka uliotangulia ilibandikwa kwenye mlango wa stoo juu sana, yeye aliona miguu ya wasomaji tu. Na mama mmoja akamalizia huko nyuma, "Hata sisi wenye macho mazima hatujaona kitu. Tutakubalije tusichokiona?" Wakanyoosha mikono kukataa, wakafungua punda wao, wakaenda.

Afisa akaniambia pembeni kwamba wakikataa tena mwaka huu, chama kitavunjwa. Stoo ifungwe, kila mtu arudi kwa debe lake lenye kichuguu, na karani arudi kwao. Karani ni mimi, Mwaitu. Na najua ungefurahi nirudi, umeniombea hivyo waziwazi mbele ya kundi la akina mama kanisani, wifi aliniambia siri hiyo. Lakini mimi napapenda hapa. Nawapenda watu hawa wabishi. Sikutaka kurudi nikiwa nimefukuzwa na karatasi.

Tena mambo yakazidi kuwa mabaya, kwa sababu mvua ilikataa. Mnakumbuka hata huko kwetu, ni mwaka jana huohuo, mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada. Huku ndengu zilikauka zikiwa na maua. Stoo ilikuwa tupu mpaka ukikohoa inakujibu. Na stoo ikiwa tupu, midomo inajaa. Wakaanza kusema kamati imekula mavuno. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwendwa, mtu ambaye hata chai ya chama hanywi, akawa akipita sokoni watu wanaangalia tumbo lake.

Nikajiambia, Mumbua, wewe umesomeshwa kwa viondo, vikapu vya katani alivyosuka mama yako, hebu tumia akili. Nikajaribu kusoma hesabu kwa Kikamba mbele ya kamati, polepole. Nilipofika mwaka wa pili, mweka hazina alikuwa anakoroma. Nikajaribu mafungu: nikatandika mkeka nje ya stoo, nikamwaga fungu la ndengu kwa kila mwaka, kubwa mwaka mzuri, dogo mwaka mbaya, Mzee Muthui aje apapase. Nikaingia ndani kuchukua kalamu. Kutoka, mbuzi wa mwenyekiti amemaliza fungu kubwa na anaanza la pili!

Wifi, mpe Mwaitu nafasi acheke. Mimi sikucheka siku hiyo. Kijiji kizima kinasema mwenyekiti anakula mavuno, na mbuzi wake amekula mwaka mzima mbele ya mashahidi. Mama Halima, mwenye nyumba niliyopanga, alisikia, akaja na birika ya chai ya maziwa ya ngamia, akaketi nami mlangoni. Alicheka mpaka shungi likamwanguka, ndipo na mimi nikashindwa kujizuia.

Dawa niliipata kanisani. Siku hiyo mhubiri alikuwa hana haraka, na mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama Kasyoka. Huyu ndiye msukaji wa viondo anayeogopwa hapa. Ukipita na kiondo chako mbele yake, unakigeuza upande wenye makosa ukae kwako. Alikuwa ameweka kiondo chake kipya chini ya benchi, na mkono wangu ukashuka wenyewe kukigusa, kama nilivyokuwa nafanya nikiwa mdogo nimelala mgongoni pako. Mkanda mpana, mkanda mwembamba, mkanda mpana. Vidole vikanisomea. Nikakaa wima kama mtu aliyeokoka.

Baada ya ibada nikamfuata. Nikamweleza: nataka kiondo kikubwa, kila mwaka wa chama uwe mkanda mmoja, tangu kitako kwenda juu. Mzunguko mmoja wa katani uwe ni magunia kumi yaliyouzwa. Ndengu zilizoharibiwa na wadudu zisukwe kwa uzi wa sweta, juu ya mkanda wa mwaka wake, ili kidole kisikie: hapa pakavu ni mali, hapa laini ni hasara. Kati ya mwaka na mwaka, mzunguko wa kamba nene. Rangi tuweke, lakini tusizitegemee, kwa sababu mwenyekiti mwenyewe gauni langu la kijani huliita jekundu, na si yeye peke yake.

Mama Kasyoka akanisikiliza na mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mikanda haitalingana," akasema.

"Haitalingana. Miaka haikulingana."

"Na nani atabeba kitu kama hicho?"

"Hakuna atakayekibeba, mama. Kitashikwa tu."

"Watasema Mama Kasyoka amezeeka mkono."

Nikambembeleza. Nikamtaja Mzee Muthui, nikataja stoo kufungwa. Akaguna. Akanipimia ukubwa wake kwa kamba, akanirudishia hesabu yote kwa kichwa bila kukosea hata mzunguko mmoja, akachukua katani na uzi akaondoka. Mimi nikafurahi nikarudi kuandika karatasi. Maana karatasi ilibaki palepale, Mwaitu, sheria inaitaka. Ila safari hii ilikuwa moja tu, upande wa kushoto Kikamba, upande wa kulia Kiswahili, kwa herufi kubwa za kusomeka na mzee asiye na miwani, na nikaibandika kwenye mlango wa stoo usawa wa kifua cha fundi wa viatu akiwa ameketi. Alipita akaisoma yote, akanipungia mkono kama mbunge.

Ikafika siku ya mkutano, mwezi wa Agosti. Mama Kasyoka alikuja asubuhi watu wakiwa wamejaa tayari, amekifunga kiondo kwenye leso. Nikakipokea, nikakiweka chini ya meza. Sikukifungua. Afisa alikuwa anateremka kwenye gari, mwenyekiti anatafuta kiti cha mgeni, nami nilitaka watu wakione kwa mara ya kwanza wote pamoja. Nilikuwa najiona, kusema kweli.

Tukaomba, tukasalimiana. Nikasimama, nikaeleza kwa Kikamba namna ya kukisoma: pakavu mali, laini hasara, kamba nene ni mwaka umekwisha. Akina mama wakaanza kusogea mbele. Hapa mzee hutangulia, na mzee aliyeuliza ashike wapi alikuwa ameketi mbele. Nikafungua leso, nikamwekea kiondo mapajani. "Mzee Muthui, shika hapa."

Mwaitu, ungemwona. Alikishika kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Akaanza kitakoni. Kidole kikapanda taratibu.

"Huu ndio mwaka tulioanza. Mdogo, tulikuwa wachache." Akapanda. "Huu, mvua ya kutosha. Eeh, na huu laini hapa, wale wadudu! Nawakumbuka washenzi hawa." Watu wakacheka kwa furaha. Akapanda tena. "Huu ndio ule nilioota sugu kichwani kwa kubeba magunia. Mpana." Akavuka kamba nene ya mwisho, akaingia mwaka wa juu kabisa, ule wa mahindi ya manjano. Kidole kikaenda. Kikarudi. Kikaenda tena. Uso wake ukafungika.

"Karani," akasema.

"Naam, mzee."

"Mwaka huu wa njaa, ulikuwa hapa?"

"Nilikuwepo."

"Mimi nilileta debe moja, si gunia. Jirani yangu hakuleta hata kikombe. Sasa kidole kinaniambia mwaka huo stoo ilipokea sawasawa na mwaka wa mvua." Akageuza uso kuelekea meza ya kamati. "Hizo ndengu zilitoka wapi? Na kama ziliingia, ziko wapi?"

Kwanza nilisikia punda akipiga kwato. Halafu minong'ono, halafu sauti ya mwanamume mmoja nyuma, "Si tulisema? Si tulisema wamekula?" Mwenyekiti alikuwa amesimama, akakaa. Afisa akaangalia karatasi yake, akaangalia kiondo, akaniangalia mimi. Nilichukua kile kiondo, nikahesabu mizunguko ya juu. Kilikuwa kizuri. Mkanda wa juu umelingana na wa chini yake, kiondo cha kumpelekea bibi harusi. Na kilikuwa cha uongo. Nikaona chama kinakufa mkononi mwangu, na nikaona sanduku langu limefungwa kamba.

Nikamtafuta Mama Kasyoka kwa macho. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

Akasimama. Si mtu wa kusimama mikutanoni, Mama Kasyoka, kazi yake huzungumza kwa niaba yake. "Msiwaangalie hao," akasema. "Mkono ni wangu. Karani alinipa hesabu sawasawa, nami nikaisuka sawasawa. Nikamaliza, nikakiweka mbele yangu, nikakitazama. Kilikuwa kimebana shingo juu kama shati lililofungwa vifungo vibaya. Nikasema, kiondo hiki kitapita mikono ya Kyuso nzima, kila mwanamke atakigeuza aone nani alikisuka. Nikashindwa kulala. Nikauongezea ule mkanda wa juu mpaka ukalingana na wenzake." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Nilisuka vizuri. Hilo ndilo kosa langu."

Upande wa akina mama mtu mmoja akacheka, akajizuia, akacheka tena, na mwingine akasema kwa sauti, "Hata mimi ningeuongeza!" Basi kicheko kikawaka upande wote huo. Kila mmoja alikuwa anajua. Ni nani kati yao angekubali kutoa mbele ya watu kiondo kilichobanwa shingo? Wewe mwenyewe, Mwaitu, ulikuwa unafumua kazi yangu yote kwa sababu ya mzunguko mmoja uliopinda, unaniambia afadhali tukose cha kuuza Jumamosi.

Mzee Muthui hakucheka, lakini uso ulifunguka. Akanyoosha kiondo mbele yake. "Basi fumua," akasema.

Kicheko kikakauka. Kumfumulia mwanamke kiondo ni tusi, unajua. Na kufumua chako mwenyewe, kizuri hivyo, mbele ya wanaume, mbele ya afisa wa serikali, mbele ya wasukaji wenzako wanaokuogopa! Nilitaka kusema hapana, nilitaka kusema nitaeleza kwa mdomo tu. Mama Kasyoka akanitangulia. Alikuja mbele, akaketi chini kwenye udongo na miguu yake imenyooka, akakiweka kiondo mapajani. Mzee Muthui akainama na kuweka kidole kwenye ukingo. Mama Kasyoka akafungua fundo la mwisho kwa meno, akavuta.

Mimi nilisimama na karatasi, nikawa nasema kila mzunguko ukitoka. "Magunia haya hayakuletwa." Mzunguko mwingine. "Na haya hayakuletwa." Ule uzi wa katani ulikuwa ukirundikana mapajani mwake umejikunjakunja, na kila mzunguko ulipotoka, kidole cha mzee kilishuka pamoja nao. Watu walikuwa wamesogea mpaka wakanifunika kivuli. Nilimwona Mama Kasyoka machozi yakimdondoka bila mkono kusimama, na mimi yangu yakanitoka, karani mzima mbele ya mkutano mkuu.

"Hapo," nikasema. "Hapo ndipo hesabu inasimama."

Ilibaki mizunguko michache tu juu ya kamba nene. Ukikitazama ni kitu kidogo cha kuhuzunisha. Mzee Muthui akapitisha kidole, mara moja tu.

"Eeh," akasema. "Hii ndiyo njaa niliyoijua."

Akakipitisha kwa jirani yake. Jirani akashika, akakubali kwa kichwa, akakipitisha. Kikazunguka wote, wanaume kwa wanawake, na kila aliyefika kwenye ule mkanda wa juu alisimamisha kidole hapo kidogo. Kulikuwa na mama aliyezika mtoto mwaka huo. Alikishika muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Yule mwanamume wa nyuma aliyepiga kelele kwamba wamekula alikifikia wa mwisho. Akapapasa, akarudisha, akakohoa. "Kumbe ni mvua tu," akasema, akaenda kumshika mwenyekiti mkono. Mzee Mwendwa alitikisa mkono huo mpaka nikaogopa atautoa begani.

Wakaikubali ripoti mikono yote juu. Tena wakaenda mbele kuliko nilivyowaomba. Fundi wa viatu akasema, kama mwaka unaweza kuwa mwembamba hivi, basi mwaka ukiwa mnene tuache sehemu ya mbegu stoo, tusiuze yote. Wakakubali hilo pia. Afisa akaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba ripoti imepokelewa, "pamoja na kiondo kimoja". Aliniuliza kama anaweza kukipeleka Kitui wakakione wakubwa wake, na akina mama wakamjibu kabla yangu kwamba akitaka kukiona, njia anaijua.

Sasa kimening'inizwa ndani ya stoo, chini, karibu na mzani. Nyuzi za juu Mama Kasyoka hakuzifunga, ameziacha zimesimama, kwa sababu mwaka huu bado haujaingia. Na watu wanaoleta ndengu hupitisha mkono hapo kabla ya kupima. Yeye mwenyewe nilidhani ataniwekea kinyongo. Jumapili iliyofuata alikuja kukaa karibu yangu, akaniambia kwa kunong'ona katikati ya wimbo kwamba wanawake watatu wamemwomba awafundishe. "Wanataka kujua nilivyofumua bila kukata uzi," akasema, huku ameinua kidevu. Hajashuka, mama huyu. Amepanda.

Basi hayo ndiyo ya kazi. Nisalimie kaka Mutua, mwambie paa la jikoni halijitengenezi. Nisalimie shangazi anayeuza mboga stesheni, na mchungaji, mwambie yale maombi ya kunirudisha nyumbani ayapunguze makali, lakini asiache kuomba. Wifi, wewe nakusalimu wa mwisho kwa sababu umesoma hadi hapa bila kugeuza. Umesoma, sivyo? Pokea busu la wifi yako, na uzi wa sweta wa bluu uliobaki kwenye kiondo nitakuletea.

Mwaitu, barua hii inaletwa na Mzee Abdi, mume wa Mama Halima, anayeteremsha mbuzi Mombasa kwa lori. Atasimama dukani kwako. Mpe chai, isiwe na haraka, ni mtu mwema sana kwangu. Atakupa pia kifurushi kidogo. Wifi asikifungue, wala asikusomee. Nenda nacho kitandani kwako, kaa, kifungue mwenyewe.

Ni kiondo. Nimekisuka mimi. Mama Kasyoka alinielekeza na nilimwapisha asiguse hata mzunguko mmoja, na alikuwa akigeuza uso upande wa pili kwa uchungu. Pale utakapokuta uzi umepinda bila sababu, hiyo si habari, ni mkono wa binti yako uliyeshindwa kumfundisha. Usikifumue, nakusihi. Kila mkanda ni mwezi mmoja wa mwaka huu, tangu kitako. Mwezi mpana ni mwezi niliocheka. Mwezi mwembamba ni ule ambao nilikuandikia mimi ni mzima. Huko chini utakuta mmoja wote ni uzi wa sweta, ni ile malaria, nililala peke yangu na nilikuita. Usilie. Panda juu yake, uone ulivyo mpana unaofuata, na unaofuata, na Agosti utaijua hata bila kuambiwa. Ukihesabu yote utaona mipana ndiyo mingi, Mwaitu. Nina raha hapa. Sasa ndipo unaweza kuniamini.

Kinaishia Oktoba. Nyuzi za juu nimeziacha wazi. Novemba nitaisuka njiani nikija kwako, na Desemba utaisuka wewe, nikiwa nimekaa hapo chini karibu na mguu wako unaouma, nakushikia uzi.

Ni mimi binti yako,
Mumbua